Madini Hayatoshi: Gemu Niliyozaliwa Nayo Mwaka Mmoja

StarCraft ilianza kuuzwa tarehe 31 Machi 1998. Mimi nilizaliwa Nakuru miezi michache baadaye, kwa hivyo sisi ni rika. Nimeicheza nikiwa mtoto, nimeicheza nikiwa na njaa, nimeicheza nikiwa napaswa kuwa darasani. Nikisema nitaandika historia yake, usinitegemee niwe kama profesa. Chuo chenyewe sikumaliza, na gemu hii iko ndani ya hiyo hadithi. Tutafika huko.

Tulikutana 2009 kwenye saiba ya Anko, mtaa wa Shabab. Anko ni kakake mama. Alikuwa fundi katika shirika moja la umma, halafu 2006 wakapunguza wafanyakazi, naye akatoka na kiinua mgongo ambacho kila mtu ukoo mzima alikuwa na mpango nacho. Wengine walimwambia anunue shamba, wengine matatu. Yeye akanunua kompyuta nane za mitumba kutoka Ulaya, akakodisha chumba kando ya kinyozi na kuandika ukutani kwa rangi ya bluu: bob moja kwa dakika.

Zile kompyuta zilikuwa na kibodi za Kijerumani. Herufi Y na Z zilikuwa zimebadilishana mahali, ukitaka Z unabonyeza Y. Wateja walilalamika kila siku. Intaneti nayo ilikuwa inakuja na kwenda kama maji ya mtaa. Ikipotea, wateja wanainuka mmoja mmoja, Anko anabaki na mashine nane zinazokula stima bure. Hapo ndipo StarCraft ilipoingia. Alikuwa na CD ya kunakiliwa, sijui ilitoka wapi, na waya za kuunganisha mashine zile nane zenyewe kwa zenyewe. Gemu hii haikuhitaji intaneti. Watoto wanane wangeweza kupigana humo ndani ya chumba kimoja hata kama dunia nzima ya nje imezimika. Intaneti ikipotea, Anko alikuwa anatoka mlangoni na kupiga mluzi, na sisi tunakuja mbio.

Kwa wale ambao hawajawahi kuiona, iko hivi. Unatazama ardhi ukiwa juu, kama ndege. Sehemu kubwa ya ramani ni giza kwa sababu hujafika huko. Una jengo moja, wafanyakazi wanne, na madini 50. Hiyo ndiyo mali yako yote. Unawatuma wafanyakazi wachimbe, na kila safari mmoja anarudi na madini 8. Mfanyakazi mwingine ni 50. Askari wa kawaida ni 50. Bohari ya kuwalisha ni 100. Kila kitu kina bei, na yule adui aliye gizani anahesabu hesabu hiyo hiyo sekunde hiyo hiyo. Hakuna zamu. Ukikaa ukifikiria, mwenzako anajenga.

Ukijaribu kununua kitu ambacho huna uwezo nacho, sauti inakuambia kwamba madini hayatoshi. Ilikuwa inasema kwa Kiingereza, lakini sisi tuliitafsiri kwa kelele. Mmoja akiishiwa, chumba kizima kinaimba: "Madini hayatoshi!" Ikawa msemo wa mtaa. Ukiombwa chapati: madini hayatoshi. Mwalimu akiuliza pesa ya mtihani: madini hayatoshi. Mama akaanza kuitumia bila kujua imetoka wapi.

Jamii ni tatu. Terran ni binadamu, kizazi cha wafungwa waliofukuzwa kutoka Duniani wakatupwa sehemu ya mbali ya anga. Protoss ni watu wa kale, wachache, wenye silaha ghali na kiburi kingi. Zerg ni wadudu. Hawajengi, wanazaliana, hata majengo yao ni viumbe hai. Kwa bei ya askari mmoja wa Terran, yai la Zerg linakupa wadudu wawili. Leo hilo linaonekana jambo la kawaida, lakini wakati huo gemu nyingi za mikakati zilikuwa zinakupa pande mbili ambazo ni kama mtu na kioo chake: huyu ana mkuki, yule ana mkuki wa rangi nyingine. StarCraft ilikuwa na watu watatu wasiofanana kwa lolote, na bado mizani haikulala upande mmoja. Ukishindwa, huwezi kusingizia jamii uliyochagua. Tulijaribu sana.

Kisha kuna hadithi yenyewe. Mwasi anayeitwa Arcturus Mengsk anapigana kuiangusha serikali mbovu. Mpiganaji wake bora ni mwanamke, Sarah Kerrigan. Kwenye vita vya Tarsonis, Kerrigan anafanya kazi aliyotumwa, wadudu wanamzingira, anaita meli zije kumchukua. Mengsk anaamuru meli ziondoke. Amepata alichotaka. Baadaye anajitangaza mfalme.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja hivi nilipofika hapo. Mwaka mmoja na kitu nyuma, Januari 2008, Nakuru ilikuwa imewaka moto baada ya uchaguzi. Uwanja wa maonyesho ulijaa mahema ya watu waliofukuzwa makwao. Halafu wakubwa wakapeana mikono kwenye runinga, na mahema yakabaki pale. Kwa hivyo Mengsk alipotoa ile amri, hakuna mtoto kwenye saiba aliyehitaji kufafanuliwa. Kijana mmoja nyuma yangu alisema tu, "Wamemtumia." Tukaendelea kucheza.

Miaka mingi baadaye ndio nilianza kusoma gemu hii ilitengenezwa vipi, na nikagundua kwamba karibu iharibike ikiwa bado tumboni. Blizzard, kampuni ya Irvine, California, ilikuwa imepata jina na Warcraft II mwaka 1995. Mei 1996 wakapeleka StarCraft ya kwanza kwenye maonyesho ya E3, Los Angeles. Watu wakaicheka. Ilikuwa imejengwa juu ya mitambo ile ile ya Warcraft II, na ilionekana hivyo: majitu ya kijani yamepelekwa tu angani. Kwenye maonyesho hayo hayo, ilikuwa inaonyeshwa Dominion, gemu ya aina hiyo hiyo iliyong'aa kuliko kila kitu. Blizzard wakarudi nyumbani na aibu yao, na hatimaye sehemu kubwa ya programu ikaandikwa upya.

Sasa sikia. Patrick Wyatt, mmoja wa waandishi wakuu wa programu hiyo, alikuja kueleza miaka mingi baadaye kwamba lile onyesho la Dominion lilikuwa la uongo. Haikuwa gemu inayochezwa. Ilikuwa video iliyotengenezwa mapema. Yaani StarCraft ilijengwa upya ili ishindane na kitu ambacho hakikuwepo. Dominion yenyewe ilitoka 1998 na ikasahaulika.

Wyatt ameeleza jambo lingine ninalolipenda zaidi. Wafanyakazi wa kuchimba madini walikuwa wanagongana. Wanaoenda na wanaorudi wanakutana njiani, wanakwama, uchumi unasimama, na muda wa kuandika upya ile hesabu ya njia haukuwepo. Suluhisho? Wakaamua kwamba mfanyakazi akiwa kazini kwenye madini, anaweza kupita ndani ya mwenzake kama mzimu. Basi. Cheza leo uangalie: wanapitana mwili kwa mwili, na hakuna anayeshtuka. Gemu ambayo watu wanaiita kamilifu imesimama juu ya kiraka. Nikiwa mtu wa kuishi kwa viraka, nilifurahi kujua hilo.

Ilipotoka, iliuza nakala kama milioni moja na nusu ndani ya 1998, ikiongoza gemu zote za kompyuta mwaka huo. Hapo ingeweza kuishia: gemu nzuri ya Wamarekani, ikumbukwe na Wamarekani. Lakini kilichoifanya iwe historia kilitokea mbali na California, na hakikuanza na gemu. Kilianza na deni.

Desemba 1997, Korea Kusini ilikuwa imeishiwa na dola. Serikali ilitia sahihi mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, dola bilioni 21 kutoka kwa shirika lenyewe, na nyingine kutoka kwingine. Masharti yalikuja nao. Kampuni zikafungwa, benki zikaunganishwa, na watu zaidi ya milioni moja wakajikuta hawana kazi. Mapema 1998 wananchi walipanga foleni wakitoa pete za ndoa na dhahabu za nyumbani zisaidie kulipa deni la taifa, yapata tani 227. Fikiria bibi yako akivua pete kwa sababu ya waziri wa fedha.

Miongoni mwa waliopoteza kazi kulikuwa na wanaume wa ofisini wenye kiinua mgongo na bila mpango. Wengi walifungua PC bang, yaani chumba cha kompyuta, ambacho sisi tungekiita saiba. Saa moja ilikuwa won 1,000 hivi, bei ya chini hata kwa asiye na kazi. Vijana waliokosa ajira walihitaji mahali pa kukaa siku nzima kwa pesa kidogo. Mitambo ya kuchezea gemu kutoka Japani ilikuwa adimu kule, kwa sababu Korea ilikuwa imezuia bidhaa nyingi za utamaduni wa Japani tangu enzi za ukoloni kuisha. Kwa hivyo kompyuta ndiyo ilikuwa uwanja. Na mwaka 1998, katikati ya hayo yote, ikaingia gemu inayokwenda vizuri kwenye mashine ya kawaida, inayochezwa na watu wengi chumba kimoja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, PC bang zilikuwa zaidi ya 20,000.

Lakini saiba peke yake haijengi kitu. Serikali ya Kim Dae-jung ilimwaga pesa na sera kwenye intaneti ya kasi. Mwaka 1999 chaneli ya vibonzo ya kebo ikaanza kurusha mechi za StarCraft, na watu wakatazama. Mwaka 2000 ikazaliwa Ongamenet, chaneli ya gemu saa ishirini na nne, na chama cha kusimamia wachezaji wa kulipwa, KeSPA. Kampuni za simu zikaingia na timu. Lim Yo-hwan, aliyejiita BoxeR, alitwaa ligi kubwa mara mbili mwaka 2001 akicheza Terran wakati wengi walisema Terran ni dhaifu. Klabu yake ya mashabiki ilikuwa na watu laki kadhaa. Alipofika wakati wa jeshi la lazima, jeshi la anga likawa na timu yake ya StarCraft. Na Julai 2004, fainali ya ligi ya timu ilichezwa ufukweni Gwangalli, mjini Busan, mbele ya umati ulioripotiwa kuwa watu 100,000. Wote wamekuja kutazama vijana wawili wakibofya mausi.

Ukisoma haya ukiwa Mkenya, kuna sehemu inakuchoma. IMF tunaijua. Kupunguzwa kazi tunakujua. Watumishi wa umma walianza kurudishwa nyumbani kwa masharti kama hayo miaka ya tisini. Kiinua mgongo kinachogeuzwa biashara ndogo kando ya kinyozi, hiyo ni hadithi ya Anko neno kwa neno. Tofauti ilikuwa wapi?

Nitakuambia nilivyoiona kutoka kwenye kiti cha plastiki. Kati ya Juni na Julai 2009, nyaya za faiba za TEAMS na SEACOM zilifika pwani yetu kupitia chini ya bahari. Ilichukua muda kufika Shabab, lakini 2010 intaneti ya Anko ilianza kukimbia, na kitu cha kwanza tulichotazama pamoja ni mechi ya Wakorea. Watangazaji wanapiga kelele, wasichana wana mabango, wachezaji wamekaa ndani ya vibanda vya kioo na jaketi za wadhamini. Anko alisimama nyuma yetu mikono kifuani.

"Hawa wanalipwa?"

"Wanalipwa, Anko."

"Pesa?"

"Pesa, Anko. Wengine wana magari."

Hakusema kitu. Wiki iliyofuata akabandika karatasi mlangoni: mashindano, kiingilio shilingi 50, mshindi shilingi 500 na soda. Tulijiandikisha watoto kumi na sita. Mimi nilifika fainali. Nilipigwa na kijana aliyekuwa anauza mayai ya kuchemsha, kwa dakika nne. Alikataa kujenga uchumi kabisa, akajenga dimbwi la kuzalia wadudu na wafanyakazi wake wanne tu, akaleta wadudu sita kabla sijapata askari wa pili. Hata ile kibodi ya Kijerumani haikumchelewesha. Anko alicheka mpaka akakaa chini. Alipanga mashindano matatu zaidi, akaandika barua kwa kampuni mbili akiomba udhamini. Hakuna aliyejibu.

Faiba ile ile iliyotuonyesha Korea ndiyo iliyoiua saiba. Intaneti ilipokuwa rahisi iliingia kwenye simu, na mtu mwenye intaneti mfukoni haketi kwenye kiti cha plastiki. Kufikia 2014 mluzi wa Anko ulikuwa hauiti mtu. Alianza kuprinti wasifu, kujazia watu fomu za mkopo wa elimu, kuwatolea PIN ya KRA, baadaye mambo ya eCitizen. Kule Korea, vyumba vile vilikutana na sera, runinga na wadhamini kwa wakati mmoja. Hapa kila kitu kilikuja peke yake, kama wageni wanaofika harusini siku tofauti. Watoto walikuwepo. Mashine zilikuwepo. Nani alikuwa anatuangalia?

Sitaki kuipamba Korea pia. Vijana wengi kule waliacha shule wakaishi kwenye nyumba za timu, wakifanya mazoezi zaidi ya saa kumi kwa siku, na wengi wakatoka bila kitu. Mwaka 2010 ilibainika kwamba baadhi ya wachezaji walikuwa wanauza mechi kwa wacheza kamari. KeSPA ilifungia wachezaji kumi na mmoja maisha, mmoja wao bingwa ambaye watoto walikuwa wanamwabudu. Agosti 2012 ligi kubwa ya StarCraft ya zamani ilicheza fainali yake ya mwisho. Enzi ikafungwa.

Aprili 2017 Blizzard ilifanya gemu ile ya zamani iwe ya bure. Septemba mwaka huo nikaingia chuo kikuu, Nairobi, na laptopu ya mtumba. Ningependa kukuambia kwamba niliacha chuo kwa sababu ya karo, na kwa miaka hivyo ndivyo nilivyosema. Karo ilikuwa shida kweli. Lakini muhula wa pili nilikuwa nimeshaacha kwenda darasani kabla mtu yeyote hajanifungia mlango. Nilikuwa nacheza usiku, nalala mchana. Mle ndani, ukifanya kazi madini yanaongezeka, na unayaona yakiongezeka, namba iko pale juu kulia. Nje, sikuwa naona kitu kikiongezeka.

Mwishoni mwa 2018 Anko aliuza kompyuta nne kati ya zile nane akanitumia shilingi 28,000 kwa M-Pesa. "Hiyo ni ya mtihani," alisema kwenye simu. Jina langu halikuwa kwenye orodha ya mtihani wowote. Sikumwambia. Nililipa kodi ya nyumba miezi kadhaa, nikala iliyobaki, na nikaendelea kuitwa mwanafunzi kila nikienda nyumbani.

Nilimwambia 2020, wakati wa corona, tukiwa tumekaa nje ya ile saiba iliyofungwa. Nilisema yote, hata tarehe. Alinyamaza muda mrefu akiangalia barabara.

"Na kwenye hiyo gemu, ulikuwa unashinda?"

"Mara nyingi hapana, Anko."

Akatikisa kichwa polepole, kama fundi anayeangalia kazi mbaya ya mwenzake. "Sasa ona," akasema. Kisha akaniuliza kama nimekula. Hatujalizungumza tena.

Mama anasema gemu ndiyo iliniharibu. Siwezi kukubali, kwa sababu gemu ile ile ilijenga watu wengine, na kwa sababu najua nilikuwa nakimbia nini. Lakini pia siwezi kuitetea kama ambavyo ningefanya zamani. Niliipenda na nikajificha ndani yake, na gharama ililipwa na mtu mwingine, kwa mashine nne.

Siku hizi naandika, na makala zikilipwa namtumia Anko elfu mbili, elfu moja, kulingana. Imebaki shilingi 9,000. Mara ya mwisho nilichelewa, akanipigia. Hakuuliza pesa iko wapi. Alisema tu, "Kijana, madini hayatoshi?" Nikamwambia bado, Anko. Akakata simu akicheka.